Kiu haijui sumu: Mizani ya maji, kutoka mbuyu wa Shinyanga hadi mchimbaji wa Geita

Msafiri anayetoka Shinyanga mjini mwezi wa Septemba, akapita Tinde, Isaka na Kahama, kisha akashika njia ya Kakola kuelekea Geita, huiona nchi iliyokauka hadi ikapauka. Nyasi zimekwisha, udongo mweusi wa mbuga umepasuka, na malambo mengi yamebaki tope. Hata hivyo nchi hiyo haijafa. Mbuyu usio na jani hata moja umesimama imara. Uzio wa minyaa unaozunguka mji wa Msukuma ni wa kijani kana kwamba mvua ilinyesha jana. Ng'ombe wenye nundu wanakwenda kwa safu kutafuta maji, na punda wamebebeshwa madumu huku watoto wakiwaswaga kwa nyuma.

Muumini amefunzwa tangu utotoni, kutokana na Surat al-Anbiyaa, kwamba uhai wa kila kiumbe asili yake ni maji. Juma hili tunalitazama jambo hilo kwa upande wa nyumbani: maji huingiaje mwilini, hufanya nini, na ni nani anayeyapima? Tunauliza hivyo kwa sababu maalumu. Mwili wa mwanadamu unajua kupima wingi wa maji kwa ustadi wa kustaajabisha, lakini haujui kupima kilichomo ndani ya maji hayo. Katika ukanda wa dhahabu wa Geita na Kahama, upungufu huo unazigusa familia zetu moja kwa moja.

Mti unywavyo

Tuanze na kiumbe asiyeweza kutembea kwenda kisimani. Mti hunywa kwa mizizi na hutoa maji kwa majani. Maji ya udongoni huingia mzizini kwa sababu ndani ya mzizi mna chumvi na sukari nyingi kuliko nje, na maji hufuata upande ulio mzito zaidi. Kanuni hiyo kila mama anaijua jikoni: kachumbari iliyotiwa chumvi mapema hukutwa baadaye imeelea katika maji yake yenyewe, kwa kuwa chumvi iliyo nje imeyavuta maji yaliyokuwa ndani ya kitunguu na nyanya. Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayotawala damu na figo zetu, nasi tutairejea.

Maji yakishaingia hupanda hadi majanini na kutoka kama mvuke kupitia vitundu vidogo mno. Vitundu hivyo ndivyo vinavyoingiza hewa ambayo mti unaitumia kutengeneza chakula chake. Basi mti una mtihani wa kila siku: ukifungua vitundu unakula lakini unapoteza maji, na ukivifunga unahifadhi maji lakini unashinda njaa.

Kila mti wa Shinyanga umeupatia mtihani huo jibu lake. Mgunga hushusha mizizi chini sana, na una vijani vidogo vidogo ambavyo haupati hasara kubwa kuviangusha. Mnyaa umeacha kabisa kutegemea majani. Shina lake la kijani ndilo linalofanya kazi yake, na vitundu vyake hufunguka usiku, jua likiwa limetua, ili hewa iingie bila maji mengi kupotea. (Wazazi wakumbuke kuwa utomvu wake mweupe ni hatari kwa macho ya watoto.)

Mbuyu nao huweka akiba. Sehemu kubwa ya shina lake ni maji, na kwa miezi mingi ya mwaka hukaa bila majani. Wengi wetu tumedhani kuwa akiba hiyo ni ya kunywa wakati wa ukame. Watafiti waliochunguza mibuyu ya Madagascar, jamaa wa mbuyu wetu, waligundua jambo la busara zaidi: mti huitumia akiba hiyo hasa kuchipusha majani mapya kabla mvua haijaanza, ili mvua ikifika uwe tayari kula. Aidha, maji hayo hulisaidia shina lake laini lisimame.

Shinyanga iliwahi kuipoteza miti mingi. Misitu ilifyekwa kwa ajili ya kupambana na mbung'o, kupanua mashamba ya pamba na kupata kuni, hadi mkoa ukaanza kuhesabiwa kuwa unageuka jangwa. Mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, uliofufua desturi ya Wasukuma ya ngitili, yaani kutenga malisho yasiguswe hadi kiangazi. Ngitili zilizorejeshwa zilifikia zaidi ya hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wazee waliotunza ngitili walijua kwamba ardhi isiyo na mti haihifadhi maji: mvua huipiga, ikatiririka, ikaenda zake.

Punda, ng'ombe na kamongo

Mnyama anao uwezo wa kuyafuata maji, lakini naye ana hesabu yake. Ng'ombe wetu wa asili huweza kunyweshwa kila baada ya siku mbili au tatu wakati wa kiangazi, jambo ambalo ng'ombe wa kisasa wa maziwa halistahimili. Hupunguza maji katika kinyesi na mkojo wake, na hupunguza hata kula. Punda ni mstahimilivu zaidi. Katika majaribio ya jangwani, punda alipoteza maji hadi kufikia karibu asilimia 30 ya uzito wake, na alipofikishwa kwenye maji aliyarudisha kwa kunywa dakika chache tu. Mwanadamu akipoteza sehemu ya kumi ya uzito wake kwa njia hiyo, maisha yake yako hatarini. Mtoto anayemswaga punda mwenye madumu ndiye dhaifu zaidi katika msafara ule, ingawa ndiye mwenye fimbo.

Lakini kiumbe wa ajabu kuliko wote katika jambo hili yumo katika Ziwa Victoria na vinamasi vyake, na wasomaji wetu wa Geita na Mwanza wamemla au wamekataa kumla: kamongo. Samaki huyu ana mapafu. Kinamasi kikikauka hujichimbia topeni, hujizungushia ute unaokauka na kuwa kama mfuko, huacha tundu dogo la kupumulia, kisha hulala akisubiri mvua, pengine kwa miezi mingi.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 mwanazuoni wa Kimarekani, Homer W. Smith, alisafiri hadi Ziwa Victoria kumtafuta samaki huyo. Smith hakuwa mvuvi. Alikuwa mtaalamu wa figo, mmoja wa wale waliotufunza jinsi figo la mwanadamu linavyofanya kazi. Alitaka kujua kiumbe anawezaje kuishi bila kunywa na bila kukojoa. Aligundua kwamba kamongo aliyelala huila polepole nyama ya mwili wake mwenyewe, na kwamba taka ambayo kwa kawaida hutoka na mkojo hubaki imerundikana mwilini hadi maji yarudi, ndipo huitoa. Safari hiyo ilimwathiri kiasi kwamba mwaka 1932 alitoa kitabu alichokipa jina hilo hilo la kwetu, *Kamongo*.

Sisi hatukujaaliwa uwezo huo. Mwanadamu hana shina la mbuyu wala mfuko wa ute. Hawezi kuzuia taka mwilini kwa miezi. Akizuia kwa siku chache tu, anakufa. Alichopewa badala yake ni jozi ya figo, kila moja ukubwa wa ngumi.

Madumu tisa kwa siku

Takriban asilimia 60 ya uzito wa mtu mzima ni maji. Kwa siku ya kawaida isiyo na joto kali wala kazi nzito, hupoteza kiasi cha lita mbili hadi mbili na nusu kwa mkojo, jasho, pumzi na haja kubwa. Hurudisha kiasi hicho kwa kunywa na kwa kula, na sehemu ndogo huzalishwa na mwili wenyewe unapochoma chakula.

Figo husimamia hesabu hiyo. Kila moja ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja. Kwa saa 24 figo mbili huchuja kiasi cha lita 180 za majimaji kutoka katika damu: sawa na madumu tisa ya lita 20. Hebu fikiria mama akichota madumu tisa, akayasafisha, kisha akayarudisha yote mtungini, akamwaga kiasi cha lita moja na nusu tu pamoja na uchafu wote. Hiyo ndiyo kazi ya figo, usiku na mchana, bila sisi kuhisi.

Nani anaziamuru zirudishe kiasi gani? Ndani ya ubongo mna sehemu inayoonja uzito wa damu. Maji yakipungua, damu huzidi kuwa nzito kwa chumvi, na badiliko la asilimia moja au mbili tu linatosha kuiamsha. Hapo hutokea mambo mawili. Kwanza, homoni ya kuhifadhi maji hutolewa na kuziamuru figo zirudishe maji zaidi. Mkojo hupungua na rangi yake hukolea. Pili, mtu huona kiu. Akinywa, kiu hukatika ndani ya dakika chache, hata kabla maji hayajafika yote katika damu, maana kinywa na koo hupeleka habari mapema ili asinywe kupita kiasi.

Figo zina mpaka wao. Haziwezi kuukoleza mkojo zaidi ya takriban mara nne ya uzito wa damu, na lazima zitoe angalau nusu lita kwa siku ili taka itoke. Ndiyo maana maji ya chumvi nyingi hayakati kiu: kama ilivyo katika kachumbari, huyatoa maji ndani ya mwili badala ya kuyaingiza.

Mtoto si mtu mzima mdogo

Takriban robo tatu ya uzito wa mtoto mchanga ni maji, na figo zake bado changa. Ni rahisi kuyapoteza, ni vigumu kuyahifadhi. Hapa tunaomba radhi kwa mabibi zetu, kwani tunagusa desturi ya mapenzi: kumpa mtoto wa miezi miwili vijiko vya maji kwa sababu ya joto. Maziwa ya mama yana maji kwa zaidi ya asilimia 85, na wataalamu wa afya duniani wanakubaliana kwamba mtoto wa chini ya miezi sita anayenyonya vizuri hahitaji maji mengine, hata katika nchi ya joto. Anayehitaji kikombe cha maji ni mama anayenyonyesha.

Mtoto akiharisha, hesabu hugeuka ghafla. Macho huingia ndani, utosi hubonyea, hulia bila machozi, mkojo hukauka. Dawa ya kwanza ni ile pakiti ya chumvi na sukari, ORS, inayokorogwa katika lita moja ya maji safi, pamoja na vidonge vya zinki kama atakavyoelekeza mhudumu wa afya. Siri yake ni hii: ukuta wa utumbo hupokea chumvi na sukari zinapokwenda pamoja, na maji huzifuata, hata wakati utumbo unaugua. Pakiti ikikosekana, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vilivyosawazishwa, katika lita moja ya maji safi vitasaidia mkiwa njiani kwenda zahanati. Kipimo kisizidishwe, kwa sababu chumvi nyingi humdhuru mtoto. Kunyonyesha kusisimamishwe.

Mfungaji ndani ya duara

Mtu mzima anayefanya kazi nzito kwenye joto aweza kutoa lita moja ya jasho, au zaidi, kwa saa moja. Tuwafikirie basi ndugu zetu wa Nyarugusu, Rwamagasa na Mgusu, wanaoshuka katika maduara yenye joto na hewa haba, na wale wanaoponda mawe juani. Katika mwezi wa Ramadhani, saumu ya kwetu karibu na ikweta huchukua saa zisizopungua 13. Kwa mtu mzima mwenye afya na kazi ya kawaida, saa hizo zimo ndani ya uwezo wa figo; hukoleza mkojo, na mizani hurejea baada ya futari. Kwa mchimbaji hesabu ni ngumu zaidi, kwa kuwa jasho haliombi ruhusa kwa figo.

Kosa tunalolisikia mara kwa mara ni kunywa lita mbili kwa mkupuo wakati wa daku. Figo haziweki akiba. Ziada hiyo huipeleka kwenye kibofu ndani ya saa chache, na asubuhi mtu amerudi pale pale. Lililo bora ni kunywa kidogo kidogo tangu futari hadi daku, kula matunda na uji, na kupunguza vyakula vya chumvi nyingi. Wenye maduara wanaweza kuhamishia kazi nzito usiku au alfajiri. Mtu akianza kusema maneno yasiyoeleweka, au akiacha kutoa jasho huku mwili unawaka, hiyo ni dharura: awekwe kivulini, amwagiwe maji, apepewe, apelekwe hospitali, na kama hana fahamu asinyweshwe chochote.

Kutoa fatwa si kazi ya ukurasa huu. Sheria ina nafasi yake kwa mgonjwa, msafiri, mjamzito na anayenyonyesha, na masheikh wa kuulizwa wapo. Tunasema tu kwamba anayekwenda kuuliza aende na habari kamili za kazi yake na mwili wake.

Ambacho kiu haioni

Sasa tumefika kwenye lile tulilolianza. Kiu itakuambia kunywa. Haitakuambia kama maji ni salama. Zebaki haina harufu, na kiasi kinachodhuru hakionekani wala hakionjwi.

Wachimbaji wadogo huitumia zebaki kuishika dhahabu katika mchanga uliosagwa. Kisha hulichoma donge lile ili zebaki itoke kama mvuke na dhahabu ibaki. Mvuke huo ukivutwa, sehemu yake kubwa, takriban asilimia 80, huingia katika damu kupitia mapafu. Hufika kwenye ubongo, na hujirundika zaidi katika figo. Yaani kile kiungo kinachochuja madumu tisa kwa siku ndicho kinachobaki na sumu. Mtu huanza kutetemeka mikono, kusahau na kukosa usingizi, na watu wa nyumbani hudhani ni uchovu au kurogwa.

Zebaki iliyomwagika mtoni haipotei. Vijidudu vya topeni huigeuza kuwa aina nyingine inayopanda kutoka mdudu hadi samaki, na kutoka samaki hadi mlaji. Dunia iliyajua madhara hayo mwaka 1956 katika mji wa Minamata, Japani, ambako kiwanda kilikuwa kikimwaga taka baharini, na watoto walizaliwa na ulemavu ilhali mama zao hawakuonekana wagonjwa sana. Tanzania iliridhia mkataba wa kimataifa wenye jina la mji huo mwaka 2020. Kabla ya hapo, mwaka 2013, shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto wanaofanya kazi katika migodi midogo ya dhahabu nchini, ikiwamo ya Geita na Shinyanga, wakishika zebaki kwa mikono mitupu.

Na zebaki si jambo pekee. Baadhi ya visima vya Shinyanga vina floridi nyingi kwa asili ya miamba yake. Meno ya watoto hugeuka kahawia, na ikizidi kwa miaka mingi hudhuru mifupa. Kuchemsha maji huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, na tusiache kuchemsha. Lakini kuchemsha hakuondoi floridi wala hakuyafanyi maji yenye zebaki kuwa salama. Dawa ya hayo ni kubadili chanzo na kupima. Mabomba ya Ziwa Victoria kutoka Ihelele, Misungwi, yaliyozinduliwa mwaka 2009 kwa ajili ya Kahama na Shinyanga, yalileta badiliko kubwa. Palipo na bomba hilo, lisiachwe kwa kisima ambacho hakijapimwa.

Tuanzie nyumbani

Mengi ya hayo yanahitaji serikali na wenye migodi. Lakini yapo ambayo baba na mama wanaweza kuyaamua leo jioni. Dhahabu isichomwe ndani ya nyumba wala jikoni, na sufuria au kikaango kilichowahi kuchomea donge kisirudi kupikia. Anayechoma atumie kifaa cha kunasia mvuke, tena mahali pa wazi, mbali na watu. Mjamzito na watoto wasikaribie kabisa. Nguo za mwaloni zivuliwe nje na zifuliwe peke yake, mbali na kisima. Atakayeona dalili za kutetemeka aende hospitali, na amwambie daktari kuwa anafanya kazi na zebaki, kwa maana asiposema, daktari anaweza asiwaze.

Imepokewa kwamba Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, yaani kadiri ya viganja viwili vilivyojaa. Maji safi yakiwa machache, somo hilo linatupa nafasi: tuyapunguze ya kutawadhia na kuogea kabla ya kuyapunguza ya kunywa watoto.

Na dumu lililokwenda mwaloni, hata likioshwa kwa sabuni mara saba, lisirudi mtungini. Litiwe alama ya rangi, kila mtoto aijue alama hiyo, na libaki huko huko.